Mpaka Uliohamia Mountain View

Sentensi yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hatumnyimi. Wakili Wamucii aliiandika Alhamisi asubuhi, ofisini mwake katika orofa ya nne ya jengo moja karibu na River Road. Akaisoma kimoyomoyo, akaipenda, akamwita karani wake aje aisikie.

"'Asiye na hatimiliki si kwamba hana mali.' Unaionaje, Mzee Abdalla?"

Mzee Abdalla alikuwa mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Miaka thelathini ya Nairobi ilikuwa imembadilisha mengi, hata chai ya maji maji akaizoea, ila Kiswahili chake haikukigusa.

"Maneno mazito hayo, Bi Wamucii. Yatapigiwa makofi hayo."

Na yalikuwa yameandikwa yapigiwe makofi. Kesho yake Wamucii angesimama katika hoteli moja ya katikati ya jiji, mbele ya mawakili na watetezi wa haki kutoka Afrika Mashariki nzima, azungumzie haki ya kumiliki mali katika sheria za kimataifa. Haki inayochipuka, ndivyo alivyoiita. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka wa 1948 liliitaja, mikataba mikubwa ya 1966 ikaiacha nje kwa kuwa mataifa hayakuelewana mali ni nini na ni ya nani, kisha Mkataba wa Afrika ukairudisha mezani. Na sasa, angesema, majaji wengi wanaanza kuona kwamba mtu aliyekaa mahali, akajenga, akalima, majirani wakamtambua, huyo ana mali hata kama hana karatasi. Wamucii alikuwa ameyasomea hayo ng'ambo na nyumbani, na aliyajua kama anavyolijua jina lake.

Mzee Abdalla hakuondoka. Alikuwa na faili la manjano kwapani.

"Na hili la mirathi ya marehemu baba yako? Jumatano ndiyo siku ya kuthibitishwa. Nilipeleke lilivyo?"

"Lilivyo."

"Yule dada yangu wa nduma simuoni humu."

Wamucii alijifanya anatafuta kalamu. "Sheria ya mirathi inaanza na watoto, Mzee. Dada wa marehemu hayuko mstari wa mbele."

"Ala! Niwie radhi. Mimi karani tu. Nilidhani na hiyo sentensi yako ni sheria vilevile."

Akatoka na kuufunga mlango polepole, kwa adabu zake zote. Wamucii akabaki na kalamu mkononi na uso unaomchoma. Angepigiwa kelele ingekuwa nafuu.

Huyo dada wa nduma alikuwa Tata Gathoni, shangazi yake Wamucii, dada pekee wa marehemu baba yake, Waithaka. Alikuwa na miaka sabini na sita, na hakuwa na mtoto. Aliolewa akiwa msichana, ndoa ikamshinda, akarudi kwao Kinoo, nje kidogo ya jiji, na sanduku la mbao na kovu kwenye nyusi ambalo hakuwahi kulisimulia. Wapo wazee ambao binti akirudi humwambia arudi alikotoka akavumilie. Baba yake hakuwa wa hao. Alimpeleka hadi kona ya chini ya shamba, karibu na kijito, akaipima kwa miguu yake mwenyewe, akawaita wazee wa ukoo na majirani wasimame watazame, kisha akapanda matoka kuizunguka.

Asiyejua ataona itoka ni ua tu, jeupe lenye mistari ya waridi, linukialo asubuhi. Kwa Wakikuyu wa zamani ni mpaka. Likishapandwa mbele ya mashahidi, halisogezwi wala haling'olewi, na anayeling'oa amejitafutia laana yake mwenyewe. Mzee alisema siku hiyo, "Hapa ni kwa Gathoni mpaka afe," na mambo yakaisha. Kwenye sajili ya ardhi shamba zima lilikuwa limeandikwa jina la Waithaka, kwa sababu saveya alitaka jina moja, akapewa la mwana wa kwanza. Hakuna aliyeliona hilo kuwa tatizo. Waithaka aliijua kona ya dada yake, akaiheshimu mpaka akaingia kaburini.

Na pale kwenye kona, kwenye unyevu wa kijito, Tata akalima nduma, yale magimbi yapendayo maji. Alizibeba kwa gunia hadi soko la Dagoretti Corner, mvua isimzuie, jua lisimzuie, na nduma hizo ndizo zilizomsomesha Wamucii uanasheria wakati Waithaka alipougua na kuachishwa kazi. Wamucii hakuwahi kuambiwa hivyo na Tata, aliambiwa na mama yake. Tata mwenyewe alisema tu, "Soma, mama, usije ukaandikiwa maisha na mtu mwingine." Hata sasa, kila mwezi, alifika ofisini na nduma zilizofungwa kwenye gazeti, nusu ya Wamucii na nusu ya Mzee Abdalla, wakaketi yeye na karani wakizungumza magonjwa ya magoti kama watu waliokua pamoja.

Basi ilikuwaje jina lake likakosekana? Ah! Ilikuwa hivi.

Waithaka alipokufa, Mungai, kaka yake Wamucii, alitaka kujenga fleti. Kinoo nzima imekuwa fleti, na Mungai hakuona kwa nini wao wabaki na mahindi. Mchoro wake uliihitaji kona ya chini: ndipo njia ya magari ingeingilia, ndipo maji taka yangeteremkia.

"Wamu, hii maneno usiifanye ngumu," alimwambia. "Andika tu mimi na wewe. Tata si mtu wa kufukuzwa. Tutampea nyumba moja poa ya chini, na stima, na maji kwa mfereji. Si hata yeye atafurahi?"

"Na kona yake?"

"Kona gani, na title ni ya baba? Wewe ndiye wakili, niambie."

Alikuwa wakili, na alijua jibu. Alijua kwamba ardhi inaweza kuandikwa jina la mmoja na ikawa amana ya mwingine. Lakini Mungai aliongeza kwamba nyumba mbili za orofa ya tatu zitakuwa za Wamucii, zinazotazama vilima vya Ngong, na Wamucii aliyekuwa amechoka kukodi nyumba mtaa wa Mountain View akanyamaza kidogo. Unyamavu huo ndio uliomponza. Wiki iliyofuata aliandika hati ya kiapo kwa mkono wake: hakuna mtu mwingine anayedai wala kumiliki sehemu yoyote ya ardhi hiyo. Wakaapa wote wawili.

Kikabaki kitu kimoja, yale matoka. Chifu angepita, saveya angepita, na hakuna mzee wa Kinoo ambaye angeona mstari wa matoka asiulize ni wa nani. Mungai aliwatuma vibarua wayang'oe, wakakataa katakata. Mmoja alirudisha jembe akasema kazi nyingine yoyote atafanya, hata ya kuzibua choo, lakini hiyo hapana. Mungai naye, kelele zote zile, hakuthubutu.

Aliyethubutu ni Wamucii. Alikwenda Jumamosi moja na gari lake, akamwambia Tata, "Nipe haya maua, Tata, nikayapande kwangu Mountain View. Roshani yangu ni tupu."

Tata alimtazama sana. Kisha uso wake wote ukafunguka. Akaenda mwenyewe kuleta jembe, akapiga magoti na magoti yale mabovu, akamwonyesha jinsi ya kuchimba mbali ili tunguu lisikatwe. Wakayang'oa pamoja, wakayafunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Wamucii alipoondoka Tata alisimama kando ya mashimo akipunga mkono, na Wamucii akajiambia kwamba ni mzee, amesahau maana yake. Uongo mwingine huo. Mwanamke yule hakuwa amesahau hata jina la ng'ombe wa kwanza wa baba yake.

Basi huyo ndiye aliyesimama Ijumaa hotelini kuwafundisha watu haki ya mali. Alisema vizuri, tena mno. Sentensi yake ilipotoka, ukumbi ulipiga makofi kama alivyoahidi Mzee Abdalla. Ndipo mama mmoja wa Makueni, aitwaye Ndanu, aliposimama nyuma na kushika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wakili, asante. Mimi nauliza hivi. Hiyo haki inazuia serikali peke yake, ama inazuia hata kaka yangu?"

Watu walicheka. Wamucii hakucheka.

"Hata kaka yako," alijibu. "Serikali ina wajibu wa kukulinda na yeyote, hata ndugu."

"Na kama ndugu yangu ndiye wakili?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, mwenyekiti akasema wakati umeisha, twende chai. Wamucii alimimina chai akaiacha palepale. Mama yule hakuwa anamlenga yeye, hakumjua. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na Wamucii alijua fika kwamba katika nguo za Tata Gathoni mdudu ni yeye.

Jumapili akaenda Kinoo. Alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba atasema. Alimkuta Tata ameketi nje ya nyumba yake ya mbao akimenya viazi, na mahali palipokuwa na matoka palikuwa na mfereji mwembamba wa udongo mtupu, nyasi zimeanza kuurudia. Saveya alikuwa ameshapita. Kigingi chekundu kilisimama katikati ya nduma.

"Karibu, mama," Tata alisema. "Imetoka?"

"Nini, Tata?"

"Hati yangu." Akaweka kisu chini. "Nimeona watu wakipima, nikawaambia majirani ni wakili wangu amewatuma. Nyina wa Karanja aliniuliza kwa nini nimeng'olewa matoka. Nikamwambia, wewe huelewi, siku hizi korti inataka ushahidi, na mtoto wangu amekuja kuuchukua mwenyewe. Hakutuma mtu. Ulinificha ukasema ni ya roshani, nikajua hutaki Mungai asikie. Nilifurahi siku hiyo! Nilisema, baba alinipa kwa maua, Wamucii atanipa kwa karatasi."

 Wamucii alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa laana. Hakuwa amejiandaa kusikia kwamba mzee yule aling'oa mpaka wake kwa mikono yake kwa sababu alimwamini. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alitaka kukiri, akasema, "Jumatano, Tata. Jumatano tunaenda kortini."

"Basi nitakuja. Nitavaa ile rinda ya buluu."

Aliporudi nyumbani alitoka roshanini. Matoka yalikuwa kwenye ndoo tatu za rangi, yamechanua. Wageni wake wote huyasifu. Ndoo ya mwisho ilikuwa imeoza kwa kumwagiliwa maji mengi. Alipoingiza vidole, matunguu mawili yalimvunjikia mkononi yananuka. Akakaa chini sakafuni pale pale akalia kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama ni mzima.

Jumatatu alimwita Mungai ofisini akamwambia anabadilisha faili. Mungai alipiga meza.

"Sasa hiyo ni nini, Wamu? Si ulisign? Si uliapa? Ama hizo nyumba za third floor ziliandikwa jina ya nani?"

"Langu. Sizitaki."

"Utaenda jela, wewe! Watakunyang'anya hiyo leseni."

"Nitaenda."

"Kwa sababu ya nduma?"

"Ndiyo, kwa sababu ya nduma. Na wewe ulizila, Mungai, usijifanye."

Mungai alitoka akitukana ngazi zote nne. Mzee Abdalla aliingia na faili la manjano, akaliweka mezani mbele yake, akavuta kiti bila kuambiwa.

"Nami nilipiga chapa karatasi hizi nikajua," alisema. "Nikajiambia, mimi naandika tu. Tuandike upya, binti yangu. Mwenye haki tumpe haki yake."

Jumatano Tata Gathoni alikuja na rinda lake la buluu na kitambaa kipya kichwani, akaketi benchi la nyuma kando ya Mzee Abdalla. Wamucii alipoitwa alisimama akasema yote. Marehemu alishika kona ile kwa amana ya dada yake, na yeye, Wamucii, alijua, akaapa kinyume, na kinyume hicho alikiandika mwenyewe. Hakuacha kitu. Lakini alisema kwa Kiingereza. Korti ilikuwa inaendeshwa kwa Kiingereza, ndiyo, ungeweza kumtetea hivyo. Ila Wamucii alijijua. Alikiri kwa lugha ambayo mwenye kudhulumiwa haielewi, na kila alipotaja dhambi yake Tata aliitikia kwa kichwa kwa fahari kule nyuma, kwa kuwa alisikia jina lake likitajwa na wakubwa.

"Na huo mpaka uko wapi sasa?" hakimu aliuliza.

"Uko kwangu, Mheshimiwa. Kwenye ndoo za rangi, Mountain View."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu, mama wa makamo, hakucheka. Aliamuru kona ile itolewe kwenye mgawanyo, mpaka urudishwe mbele ya wazee, kisha saveya apime na hati iandikwe jina la Gathoni. Kuhusu wakili aliyeapa uongo aliandika jambo refu, akasema litapelekwa panapohusika. Wamucii aliinama akashukuru.

Nje, kwenye ngazi, Tata alimshika mikono yote miwili na kuitemea mate kidogo, baraka ya wazee, akasema mtoto huyu Mungu amwongezee. Wapita njia walitazama wakatabasamu. Mzee Abdalla aligeuza uso akatazama magari. Wamucii alisimama akapokea, na mate yale yalimchoma kama pilipili kwenye kidonda. Hata kuyafuta aliogopa.

Jumamosi alipeleka ndoo Kinoo. Wazee wawili waliobaki kati ya wale mashahidi wa zamani walikuja na fimbo zao, wakabishana kidogo, wakaonyesha mstari ulipopita, wakanywa uji, wakaondoka. Wakabaki wawili, Tata na Wamucii, na jembe. Wamucii alipiga magoti, akachimba shimo la kwanza, akachukua tunguu.  Akalirudisha ndooni.

"Tata," alisema, "sikuyachukua kupeleka kortini."

"Uliyachukua kupeleka wapi?"

"Niliyachukua ili yasionekane. Mimi na Mungai tulikuwa tumeandika kwamba huna kitu hapa. Ningepewa nyumba mbili. Ulipokuwa unanisaidia kuchimba, nilikuwa nakuibia."

Alisema kwa Kikuyu, maneno mepesi, hakuna hata moja la kujifichia.  Uso wa Tata, ule uliofunguka siku ile, ukajifunga taratibu, ukawa uso wa mwanamke aliyerudi na sanduku la mbao.

"Ndiyo maana ulikuja mwenyewe, hukutuma mtu," alisema.

Kisha Tata akanyoosha mkono. "Lete."

"Acha nikusaidie, magoti yako..."

"Lete. Itoka halipandwi na aliyeliiba. Na ondoka hapo, umesimama kwangu."

Wamucii alimpa. Akarudi nyuma hadi upande wa pili wa mstari, upande wa shamba la Waithaka, akasimama pale na mikono yake michafu isiyo na kazi. Tata alipiga magoti. Alichimba shimo moja, akapanda, akashindilia kwa ngumi, akajivuta hadi la pili. Ilimchukua asubuhi nzima. Mara mbili alishindwa kuinuka, na mara mbili Wamucii alipiga hatua moja, akatazamwa, akarudi. Matunguu hayakutosha. Pale yalipokosekana yale mawili yaliyooza, Tata alipaacha wazi, akaendelea mbele.

Alipomaliza aliinuka kwa kushikilia jembe. Akautazama mstari wake kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Sasa wewe uko kwa Waithaka," alisema, "na mimi niko kwangu. Ukitaka kuingia, utabisha hodi pale penye pengo, kama mtu mwingine yeyote."

Akageuka akaanza kwenda nyumbani kwake, polepole, akipangusa udongo magotini.

Wamucii alitembea hadi penye pengo.  Akabisha hodi, kwa sauti ya chini. Akarudia kwa nguvu zaidi. Tata alikuwa amefika mlangoni, ameinamia ndoo ya maji ananawa mikono, na alinawa kidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote.